Sura ya Tano: Nani Hulipa Maji Yakishafika

Mvua ikinyesha usiku kucha Tezo, katika kaunti ya Kilifi, wa kwanza kupigiwa simu ni mzee wa kijiji. Yeye humpigia naibu wa chifu, naibu wa chifu humpigia chifu, na kabla jua halijapanda habari imeshafika mjini Kilifi, kwa naibu kamishna wa kaunti. Huo ni mkondo wa serikali kuu. Mkondo wa pili ni wa kaunti: msimamizi wa wadi, msimamizi wa kaunti ndogo, kisha waziri wa kaunti anayehusika na majanga. Asubuhi hiyohiyo mikondo yote miwili inaweza kumkuta mama mmoja amesimama kando ya nyumba yake iliyolala ubavu, na kila mmoja ukaandika jina lake kwenye orodha yake.

Hilo si kosa la makarani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeitaja kazi ya kusimamia majanga mara mbili, kwenye majukumu ya serikali ya kitaifa na tena kwenye ya kaunti, pamoja na kuzima moto. Serikali kuu ina chifu anayejua kila boma, ina polisi, ina jeshi na helikopta. Kaunti ina zahanati, ambulensi, magreda na malori ya maji. Barabara nazo zimegawanywa: lami kubwa ya Mombasa–Malindi ni ya mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu, lakini njia nyingi za udongo zinazoingia vijijini ni za kaunti. Maji yanayotoka kwenye mtaro wa lami na kuingia shambani kwa mtu yamevuka mpaka wa serikali mbili, na mwenye shamba hana habari alalamike kwa nani.

Tuitazame nyumba ya yule mama kwa karibu, maana watu wengi huielewa vibaya. Nyumba ya fito na udongo haiangushwi na kishindo cha mvua. Maji hutuama kwenye msingi, udongo wa chini ukanywa taratibu hadi ukawa kama uji, na ukuta mzito wa juu ukakosa pa kukanyaga. Ndiyo sababu nyingi huanguka mvua ikiwa imeshapungua, usiku, watu wamelala wakidhani hatari imepita. Wakati huohuo choo cha shimo kimejaa na kumwagika, na kisima kilicho chini ya mteremko kimepokea uchafu wake. Afisa anayeijua kazi yake hutanguliza dawa ya kutibu maji, halafu unga. Mara nyingi, kwa sababu unga ndio unaopigwa picha, mambo huenda kinyume.

Halafu kuna ile orodha. Misaada hutolewa kwa kaya, na neno hilo likiwa kwenye fomu linaonekana jepesi. Lakini boma la Kigiriama linaweza kuwa na mzee, wake wawili, na wana wawili waliooa, kila jiko likiwaka peke yake. Ni kaya moja au nne? Ukiandika moja, blanketi mbili zitagombewa na watu kumi na wanane. Ukiandika nne, jirani mwenye nyumba moja atasema chifu anapendelea. Nimeona mabishano ya orodha yakidumu kuliko mafuriko yenyewe. Kwa maoni yangu, mzee wa kijiji anayeandika majina ya majiko yote mapema, kabla ya msimu wa mvua, anafanya kazi ya maana kuliko ziara ya waheshimiwa watatu.

Onyo, kwa upande wake, kwa kawaida halikosekani. Mfano bora wa pwani hii ni Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004. Tetemeko la chini ya bahari lilitokea karibu na Sumatra ikikaribia saa kumi alfajiri kwa saa za Kenya, na tsunami ilifika ufuo wetu mchana. Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wa tahadhari. Habari zilifika kwa redio na televisheni, kutoka nchi zilizokuwa zimeshapigwa, na maofisa wakaamua kuwatoa watu ufuoni siku ya mapumziko ya Krismasi. Kenya alikufa mtu mmoja. Somalia, iliyokuwa karibu zaidi na haikuwa na serikali ya kutoa amri kama hiyo, ilipoteza watu wapatao 300. Tusijisifu kupita kiasi, kwani umbali ulitusaidia na mawimbi yalifika yamepungua nguvu. Ila tukumbuke kwamba kuondoa watu ufuoni ni amri isiyohitaji fungu lolote la bajeti.

Mafuriko hayako hivyo: kujiandaa nayo kunahitaji pesa. Mwaka 2023 Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshasema kwamba vuli ingekuwa nzito: Bahari ya Pasifiki ilikuwa na El Niño, na maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, upande wetu, yalikuwa na joto kuliko ya mashariki. Mambo hayo mawili yakikutana, Afrika Mashariki hulowa, kama ilivyokuwa 1997. Oktoba, Rais William Ruto akawaambia wananchi kwamba mvua kubwa za uharibifu hazitakuja. Novemba zikaja. Maji yakaikata barabara ya Mombasa–Malindi pale Mbogolo, magari yakapanga foleni pande zote mbili, na Magarini watu wa kando ya mto Sabaki wakahamia miinuko. Nchi nzima walikufa zaidi ya watu 150.

Watu wengi hulaumu kauli ile ya Oktoba, na ina lawama yake. Lakini hata Rais angenyamaza, afisa wa kaunti angebaki na tatizo lingine. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inairuhusu kaunti kuwa na Hazina ya Dharura, na malipo yake kwa mwaka yasizidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia. Waziri wa fedha wa kaunti anaweza kulipa kwanza na kuomba idhini ya bunge la kaunti ndani ya miezi miwili. Hadi hapo ni sawa. Sharti ni kwamba hitaji liwe la haraka na lisilotarajiwa. Sasa mkaguzi wa hesabu akimuuliza Machi: mafuriko haya si yalitangazwa tangu Agosti? Afisa mwoga, na ofisi hukuza waoga, ataona heri angoje nyumba zianguke ndipo asaini. Nyumba iliyoanguka haimwulizi mtu maswali ya hesabu.

Ukame umepata mpango bora. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, iliyoanzishwa 2011, hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti kame, Kilifi ikiwemo, ikipima hali ya mimea kwa setilaiti, bei ya mbuzi, na mwendo wa kufuata maji. Vipimo vikishuka, kaunti inapandishwa daraja kutoka kawaida hadi tahadhari hadi hatari, na hatua za kila daraja zimeandikwa kabla. Afisa hahitaji ushujaa. Anahitaji kusoma jedwali. Shirika la Msalaba Mwekundu limejaribu jambo hilohilo kwa mafuriko: utabiri ukivuka kiwango kilichowekwa, pesa zinatoka kabla mto haujafurika.

Marekani nako rais anaweza kutangaza dharura kabla dhoruba haijafika, gavana akiomba. Februari 2021 Texas ilipata tangazo kama hilo wakati baridi kali ikiingia, lakini mitambo ya umeme na gesi ikaganda, na jimbo likahesabu vifo 246. Saini ya mapema haipashi joto bomba ambalo halikufunikwa miaka kumi kabla.

Kwa Tezo, bomba hilo ni kalvati. Kalvati lililozibwa na mchanga huzibuliwa Januari kwa vibarua na majembe. Mei litahitaji greda, na greda litakuwa limekwama. Hapo ndipo kalenda ya serikali inapoumiza, maana mwaka wa fedha huisha 30 Juni na masika ya pwani hushika kasi Aprili na Mei, wakati mafungu mengi yameshakauka. Vuli nayo huanza Oktoba, mwaka mpya wa fedha ukiwa mchanga na mgao wa Nairobi mara nyingi haujafika. Mvua zetu mbili huzikuta ofisi na mifuko mitupu, kila mwaka, El Niño iwepo isiwepo.

Karatasi ya mkakati wa fedha ya kaunti hupelekwa bungeni kabla ya 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Kabla ya hapo huitishwa vikao vya kukusanya maoni ya wananchi, aghalabu siku za kazi, ukumbini au chini ya mwembe, na waliohudhuria huandika jina na namba ya simu. Anayetaka kalvati la kijiji chake lizibuliwe aende kwenye kikao hicho, alitaje kwa mahali lilipo, na ahakikishe karani ameliandika. Mwezi wa Mei, maji yakiwa magotini, diwani hana tena fungu la kutoa.