Ramani ya mtaa wako yaweza kuokoa maisha

JE, mama mjamzito katika ploti mnamoishi akishikwa na uchungu saa nane za usiku, utamwelekeza vipi dereva wa ambulensi? Wakazi wengi wa miji yetu hawana jina la barabara wala nambari ya nyumba ya kutaja. Husema: "Ukifika penye kinu cha kusaga unga, ingia kichochoro cha pili, kisha uulizie." Lakini saa nane za usiku hakuna wa kuuliziwa.

Huu si usumbufu tu, ni suala la afya. Mama anayevuja damu, mtoto mwenye degedege au mgonjwa wa kipindupindu anayeishiwa na maji mwilini hana muda wa kungoja gari lizunguke likitafuta njia.

Dawa moja ya tatizo hili haiuzwi dukani. Ni ramani inayochorwa na wananchi wenyewe kwa kujitolea, ambayo yeyote anaweza kuitumia bila malipo. Mradi mkubwa zaidi wa aina hii duniani ni OpenStreetMap, ulioanzishwa mwaka wa 2004 na Mwingereza Steve Coast, wakati ambapo ramani za kina za nchi yake zilikuwa zikiuzwa kwa bei ghali.

Lakini ramani kama hii ni ya nini hasa, na ni kitu gani kinachofaa kutangulia kuchorwa?

Funzo la London

Uhusiano wa ramani na afya si jambo geni. Mwishoni mwa Agosti 1854, kipindupindu kilizuka katika mtaa wa Soho jijini London na kuua zaidi ya watu 500 kwa muda wa siku kumi hivi. Wakati huo wengi waliamini kwamba ugonjwa huo uliletwa na hewa chafu.

Daktari John Snow hakukubaliana nao. Alipochunguza walikoishi waliofariki, aligundua kwamba wengi walikuwa karibu na pampu moja ya maji katika barabara ya Broad Street. Mnamo Septemba 8, mpini wa pampu hiyo uliondolewa. Kufikia wakati huo vifo vilikuwa vimeanza kupungua, kwa kuwa wakazi wengi walikuwa wametoroka, lakini ramani aliyoitoa Snow baadaye ilisaidia kuonyesha kwamba adui alikuwa ndani ya maji.

Jambo lisilotajwa sana ni kwamba Snow alisaidiwa na kasisi wa mtaa huo, Henry Whitehead. Mwanzoni kasisi huyu alimpinga. Hata hivyo, kwa sababu aliwafahamu wakazi nyumba kwa nyumba, ndiye aliyegundua mtoto mchanga aliyeugua mapema, ambaye maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa katika shimo la uchafu lililokuwa chini ya mita moja kutoka kisimani. Daktari alikuwa na elimu, na kasisi alikuwa na ufahamu wa mtaa. Ramani bora huhitaji vyote viwili.

Kibera yajitokeza

Tuje hapa nyumbani. Hadi mwaka wa 2009, mtaa wa Kibera ulionekana kama pengo tupu katika ramani nyingi ambazo mwananchi angeweza kuzipata. Hata idadi ya wakazi wake ilizua ubishi. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 170,070, ilhali makadirio yaliyokuwa yakienezwa yalifika milioni moja. Utapangaje zahanati na vyoo ikiwa hujui watu ni wangapi na wanaishi wapi?

Mwishoni mwa 2009, vijana 13 kutoka vijiji mbalimbali vya Kibera walifunzwa kutumia vifaa vidogo vya GPS, ambavyo husoma mahali ulipo kwa msaada wa setilaiti. Walitembea vichochoroni wakiandika walichokiona: vituo vya maji, vyoo, zahanati, maduka ya dawa, shule na njia. Mradi huo, uitwao Map Kibera, baadaye ulifika Mathare pia.

Jijini Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulianza mwaka wa 2015. Wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walichora mitaa, hasa ile inayokumbwa na mafuriko, pamoja na mitaro yake. Usidhani mtaro si jambo la afya. Maji ya mvua yanapochanganyika na ya chooni, kipindupindu na homa ya matumbo huwa haviko mbali.

Kitangulie kitu gani?

Mtu anayejitolea ana saa chache tu kwa wiki. Akizitumia kuchora maduka ya nguo na kumbi za burudani, hajatenda kosa, kwani ramani huria ni ya kila mtu. Lakini mahali ambapo ramani ni tupu, kuna vitu vinavyostahili kupewa nafasi ya kwanza: njia ambazo gari au machela inaweza kupita, vituo vya maji, vyoo, mitaro, zahanati na maduka ya dawa.

Isitoshe, jina la zahanati peke yake halitoshi. Je, hufunguliwa saa ngapi? Ina huduma ya kuzalisha? Hufunguliwa usiku? Alama ya hospitali inayokuelekeza kwenye mlango uliofungwa kwa kufuli ni mbaya kuliko pengo, kwa kuwa pengo hukufanya uulize, ilhali alama ya uongo hukupotezea wakati.

Ndiyo maana kanuni kuu ya ramani hizi ni moja: andika kilichopo, jinsi kilivyo. Usiandike kilichoahidiwa na mwanasiasa wala unachokikisia. Usinakili ramani ya kampuni nyingine pia, maana ina mwenyewe kisheria, na kosa lililomo utalibeba nalo.

Msaada wa mbali nao una nafasi yake. Baada ya tetemeko la ardhi la Haiti la Januari 12, 2010, mamia ya watu katika nchi mbalimbali walichora barabara na majengo ya Port-au-Prince kwa kutazama picha za setilaiti. Machi 2014, mlipuko wa Ebola ulipothibitishwa Guinea, watu wa kujitolea walichora mji wa Guéckédou na vijiji vya karibu ili kuwafaa madaktari wa shirika la Médecins Sans Frontières.

Hata hivyo, picha iliyopigwa kutoka angani huonyesha paa tu. Haiwezi kukuambia kama chini ya mabati hayo mna zahanati, kanisa au ghala la mahindi. Hilo hujulikana na jirani.

Ramani pia huzeeka. Julai 2018, nyumba nyingi na shule kadhaa zilibomolewa Kibera ili kupisha barabara. Ramani ya siku iliyotangulia ikageuka kuwa historia. Kuchora mara moja na kuondoka ni kama kumpa mgonjwa nusu ya dozi.

Siri ya mgonjwa

Kuna mpaka ambao haufai kuvukwa. Ramani huria huonekana na kila mtu, na hilo ndilo linaloifanya iwafae madaktari, serikali na wananchi kwa pamoja. Kwa sababu hiyo hiyo, usiandike humo jina la mtu, wala nyumba ya anayeugua kifua kikuu au anayeishi na virusi vya Ukimwi. Onyesha kliniki, usimwonyeshe mgonjwa. Orodha za wagonjwa zina mahali pake, chini ya ulinzi wa wahudumu wa afya.

Wewe utafanya nini?

Huhitaji kuwa mtaalamu. Kujisajili ni bure, na simu ya kisasa yenye intaneti inatosha kuanza. Fanya hivi:

Kwanza, tazama mtaa wako kwenye ramani hiyo na uone kilichokosekana au kilichopotoka.

Pili, tembea. Anza na njia ya kutoka nyumbani kwako hadi hospitali iliyo karibu, kisha vituo vya maji na vyoo.

Tatu, waulize wahudumu wa afya wa jamii na mzee wa kijiji. Wao wanajua ni zahanati ipi ilifungwa, na ni bomba lipi hutoa maji machafu.

Nne, rudi baada ya miezi michache ukasahihishe.

Wakati huo huo, usingoje ramani ikamilike. Ikiwa kuna mjamzito au mgonjwa nyumbani, chunguzeni mapema ni wapi gari litafika, na nani atatoka na tochi kulipokea. Njia hutafutwa mchana, si saa nane za usiku.