Kromosomu moja ikichelewa, seli nzima husubiri

Seli ya mwanadamu ina kromosomu 46. Inapotaka kugawanyika hunakili kila moja, nakala mbili zikabaki zimeshikana, kisha huwa na kama saa moja tu ya kuzitenganisha: moja iende seli hii, ya pili iende ile. Kromosomu moja ikipotea njia yai linapotengenezwa, mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na sindromu ya Down, ambayo watafiti wa Ufaransa walionyesha mwaka 1959 kuwa inatokana na kuwa na kromosomu namba 21 tatu badala ya mbili. Saratani nyingi nazo zimejaa seli zenye kromosomu pungufu au za ziada.

Seli inajuaje, basi, kwamba zote ziko tayari?

Kutoka ncha zake mbili huchomoza nyuzi nyembamba za protini, zikirefuka na kufupika, zikipapasa huku na huko hadi zikutane na kromosomu. Kila nakala ina kishikizo chake, kinetokori, ambacho kwa binadamu hunaswa na nyuzi kama 20. Nakala moja inatakiwa ishikwe kutoka ncha hii, mwenzake kutoka ncha ile. Hapo ndipo mchezo wa kuvuta kamba unapoanza: nyuzi zinavuta pande mbili, na protini iitwayo kohesini, iliyozifunga nakala pamoja, haiachii. Mvutano huo ni dalili kwamba mambo yamekaa sawa. Nakala zote mbili zikivutwa upande mmoja, mvutano haupo, na kimeng'enya kiitwacho Aurora B huzibandua nyuzi hizo ili zijaribu upya.

Uzito wa mvutano huu ulithibitishwa kwa vunjajungu. Mwaka 1995, katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, Xiangtong Li na Bruce Nicklas walichunguza seli zinazotengeneza mbegu za kiume za mdudu huyo. Mara nyingine kromosomu moja ya jinsia hukosa wenzake wa kuvutana nao, ikashikwa upande mmoja tu. Seli husimama kwa saa kadhaa, na kwa kawaida huishia kufa. Watafiti hao waliingiza sindano ya kioo, nyembamba mno, wakainasa kromosomu hiyo na kuivuta taratibu kuelekea upande wa pili. Hawakuongeza dawa yoyote. Baada ya takriban saa moja seli ikagawanyika, kromosomu ikiwa bado peke yake. Sijui majaribio mengi ya biolojia yaliyojibu swali kubwa hivi kwa kifaa kidogo hivi.

Kishikizo kisicho na nyuzi hakikai kimya. Hutoa ishara ya kusubiri kupitia protini kama Mad2, ambazo jeni zake ziligunduliwa kwenye hamira mwaka 1991, na kishikizo kimoja tu kilichoachwa kinatosha kuichelewesha seli nzima. Cha mwisho kikinaswa, ishara hufifia, na kimeng'enya cha separesi huachiliwa kikaikate kohesini. Nakala zote huachana karibu kwa pamoja. Kohesini ikishakatwa, hakuna kurudi nyuma.

Mayai ya mwanamke huanza mgawanyiko wake yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake, kisha husimama kwa miaka mingi. Katika miaka hiyo kohesini huchakaa. Ndiyo maana uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye sindromu ya Down ni kama 1 kati ya 1,200 mama akiwa na miaka 25, na kama 1 kati ya 100 akiwa na miaka 40. Si laana, wala si kitu alichokula. Wanaomlaumu mama wanamwonea.

Madaktari nao huitumia ishara hiyohiyo ya kusubiri. Vinkristini, dawa inayotokana na ua la vinka lenye asili ya Madagaska, huzuia nyuzi zisijengeke. Vishikizo hubaki vitupu, ishara haizimiki, na seli ya saratani iliyokwama muda mrefu hufa. Pamoja na dawa nyingine, hutibu saratani ya Burkitt, inayovimbisha taya au tumbo la mtoto, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akifanya kazi Kampala.

Lakini kwa njia hii dawa hukamata seli zinazogawanyika wakati huo, zilizopumzika huponyoka. Kwa hiyo hurudiwa kwa mizunguko. Uvimbe wa Burkitt unaweza kunywea ndani ya siku chache, na hapo baadhi ya wazazi hufungasha na kurudi nyumbani. Tafadhali msifanye hivyo, wala msichemshe maua ya vinka, kwani mmea huo ni sumu. Mrudisheni mtoto hospitali kila tarehe aliyopangiwa, hata kama taya limerudi kuwa la kawaida.