Ukimaliza Kupiga Vyuma Ule Nini? Soma Kabla Hujauza Simu Ununue Kopo

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo, tuongelee matumbo yetu.

Kuna jimu moja ya uswahilini huko Temeke ambayo huwa napita jioni. Msitarajie kiyoyozi. Ni nyuma ya nyumba ya mtu, bati limefunika nusu, benchi la mbao, na vyuma vyenyewe vingi ni mabomba yaliyochomekwa kwenye makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Lakini watu wanatoka hapo na vifua kama milango. Sasa siku moja dogo mmoja, hata miaka 20 hajafika, alikuwa anapiga skwati. Akashuka vizuri, alipoanza kupanda akaona giza, akaenda chini yeye na chuma chake. Bahati wenzake walikuwa karibu, wakawahi kukidaka. Tukamkalisha kivulini, nikamuuliza, "Dogo, leo umekula nini?" Akasema, "Kaka, nimekunywa protini asubuhi, mchana nikanywa tena." Halafu? "Basi. Chakula cha nini tena kaka, si mle kuna kila kitu?"

Lile kopo alilinunua kwa kuuza simu yake. Ndiyo maana leo naandika.

Tupige hesabu yake kwanza. Kijiko kimoja cha unga ule kina gramu kama 24 za protini na nguvu kama kalori 120. Mara mbili ni kalori 240. Kijana wa umri wake, anayeshinda kutwa anabeba mizigo halafu jioni anapiga tizi, anahitaji kalori 2,500 na zaidi kwa siku. Yaani dogo alikuwa anaendesha lori kwa mafuta ya bodaboda. Asingeanguka siku ile, angeanguka kesho yake.

Haya, mwilini kunatokea nini? Watu wengi wanadhani misuli inakua pale pale jimu kwa sababu unatoka umevimba. Ule uvimbe ni damu tu, ukioga umeshapungua. Unachofanya ukinyanyua chuma ni kuupa msuli kazi kubwa kuliko uliyoizoea, na sehemu ndogondogo zinaumia. Kazi ya kujenga inafanyika baadaye, ukiwa umekaa, umelala, uko kazini, na inaendelea kwa kasi zaidi ya kawaida kwa siku nzima hadi mbili hivi. Kwa ujenzi huo mwili unataka vitu vitatu: protini ambayo ndiyo tofali, wanga wa kurudisha akiba ya sukari uliyoichoma (inaitwa glaikojeni, inakaa ndani ya misuli na kwenye ini), na maji yenye chumvi kufidia jasho.

Hapo ndipo inapokuja ile stori ya dakika 30. Mmeisikia wote: usipokunywa protini ndani ya nusu saa, mazoezi yote yamekwenda na maji. Nimeona watu wanakunywa huku bado wanahema, kama wanakimbizwa. Jamani, si kweli. Ukila mchana chakula chenye protini saa tisa, saa kumi na moja unapiga vyuma, tofali za mchana bado zinaingia kwenye damu. Ukifika nyumbani saa moja usiku ukala vizuri, hujapoteza kitu. Wa kufanya haraka ni yule anayefanya mazoezi alfajiri kabla ya kutia chochote tumboni, na yule aliyefunga. Hao wasichelewe.

Kinachoamua zaidi ni jumla ya siku nzima. Mwaka 2018 watafiti walikusanya majaribio mengi ya watu wanaonyanyua vyuma, wakaona kwamba kwa wastani faida ya protini inafika kikomo kwenye gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Kama una kilo 70 hiyo ni gramu 112. Ukizidisha hapo hugeuki baunsa, unageuka mteja mzuri wa mwenye duka. Gawanya hizo kwenye milo mitatu au minne, kila mlo gramu 28 mpaka 37 hivi. Mlo wa baada ya mazoezi ni mmojawapo tu, hauna uganga.

Sasa gramu 25 zinapatikana wapi hapa mtaani? Hapa ndipo nataka mnisikilize.

Yai moja lina gramu 6, kwa hiyo manne ni sawa na kijiko cha kopo. Nusu lita ya maziwa, fresh au mtindi, ni gramu 16 hivi, na juu yake unapata maji, sukari ya asili na chumvichumvi. Mimi mtu akiniambia nichague kitu kimoja tu cha kunywa nikitoka jimu, nachagua mtindi. Kipande cha samaki, kuku au nyama ya ng'ombe kinachojaa kiganja, gramu 100 ikiwa imeshapikwa, kina gramu 25 na zaidi. Dagaa wakavu ndio wafalme ambao hamuwaheshimu: zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini tupu, na unawatafuna na mifupa yake kwa hiyo kalsiamu unapata bure. Mtu anawapita dagaa gengeni kwa dharau anakwenda kununua unga uliosafiri kwa meli miezi miwili!

Halafu maharage. Kikombe kimoja yakiwa yameiva kina gramu 15. Najua kuna wajuaji watasema protini ya mimea haina maana, haijakamilika. Wana ukweli nusu. Mahindi yana upungufu wa aina moja ya tofali inayoitwa laisini, maharage yanayo tele. Maharage yana upungufu wa methionini, mahindi yanayo. Ukiviweka sahani moja vinazibiana. Kwa maana hiyo bibi yako aliyekuwa anapika makande alikuwa anajua mchanganyiko huo kabla ya hayo makopo hayajafika bandarini. Ugali maharage, wali maharage, makande, vyote ni chakula cha mnyanyua vyuma, ila ongeza maharage, usiweke mlima wa ugali na maharage ya kupambia. Hapo ndipo mama ntilie wetu wanapotuangusha. Mwambie tu, "Mama naomba nipunguzie ugali uniongezee maharage," akikataa lipia kikombe cha ziada.

Karanga ni nzuri ila zisikudanganye. Zina gramu 25 za protini kwa kila gramu 100, lakini karibu nusu ya uzito ni mafuta. Kwa wembamba wanaotaka kuongezeka uzito ni dawa, kwa mwenye kitambi azihesabu. Na supu? Supu ya asubuhi na chapati ni tamu, sina ugomvi nayo, lakini protini iko kwenye nyama. Ukinywa mchuzi ukamwachia rafiki minofu umekunywa chumvi na mafuta. Zege la chipsi mayai vilevile: mayai mawili ni gramu 12, viazi ni wanga, tatizo ni mafuta yake tu. Siyo sumu. Kula siku moja moja, agiza mayai matatu.

Wanga msiuogope. Kuna mtindo vijana wanaacha ugali na wali kabisa eti wanakausha tumbo, halafu wanashangaa chuma walichokuwa wanabeba mwezi uliopita sasa kinawashinda. Akiba ya sukari imekwisha, utanyanyua kwa nini? Viazi vitamu, ndizi za kupika, muhogo, wali, ugali, vyote vinafaa. Kama unafanya mazoezi mara moja kwa siku, chakula cha kawaida kinarudisha akiba yote ndani ya saa 24.

Sasa nikiri dhambi yangu. Mimi nilipoanza vyuma nilikuwa nakunywa mayai mabichi. Tuliona kwenye ile sinema ya Rocky ya mwaka 1976, Stallone anapasua mayai kwenye glasi anayapiga yote, nasi tukasema hiyo ndiyo siri. Mayai matano kila alfajiri, unaziba pua. Nilifanya karibu miezi mitatu mpaka siku moja tumbo likachafuka, nikashinda chooni siku mbili na kilo zikapungua. Baadaye nikaja kusoma kwamba watafiti wa Ubelgiji mwaka 1998 walipima wakakuta yai lililoiva mwili unachukua asilimia 91 ya protini yake, bichi asilimia 51 tu. Yaani nilikuwa natupa karibu nusu ya mayai, na juu yake najitafutia vijidudu vya salmonela. Chemsha yai, dakika kumi tu.

Tuje kwenye maji. Njia rahisi: jipime uzito kabla na baada ya mazoezi, umevaa nguo ileile. Kila kilo iliyopungua ni lita moja ya jasho, na uirudishe kwa lita moja na robo mpaka moja na nusu, taratibu ndani ya masaa machache, siyo kwa mkupuo. Kama huna mizani, angalia mkojo. Rangi ya majani makavu iliyofifia ni safi, njano iliyokolea unadaiwa maji. Kwa joto la Dar la mwezi wa pili, deni linapanda haraka.

Madafu watu wanayasifia sana na mimi nayapenda. Yana potasiamu nyingi, lakini jasho linatoa zaidi sodiamu, yaani chumvi ya kawaida, na ya hiyo madafu yana kidogo. Kwa hiyo kunywa dafu lako halafu kula chakula chenye chumvi, mambo yamekwisha. Soda je? Chupa ya mililita 350 ina sukari kama vijiko tisa vya chai. Inarudisha wanga kweli, ila haina kingine, na nduguzo wanne mkigawana ndizi na maji mmepata zaidi. Vinywaji vya kuongeza nguvu ndivyo kabisa sivielewi baada ya mazoezi. Kopo la Red Bull la mililita 250 lina miligramu 80 za kafeini. Ukinywa saa mbili usiku utakodoa macho mpaka saa nane, na usingizi ndio muda ambao mwili unajenga.

Na bia. Najua jimu nyingi ziko jirani na baa, sijui nani alipanga. Mwaka 2014 watafiti wa Australia waliwapa vijana pombe nyingi baada ya mazoezi. Hata wale waliopewa na protini, ujenzi wa misuli ulishuka kwa asilimia 24. Waliopewa pombe na wanga bila protini ulishuka kwa 37. Hizo zilikuwa dozi za ulevi, siyo bia moja. Bia moja ukishakula haitabomoa kifua chako. Sita bila kula, umekuja jimu kutalii.

Kurudi kwenye makopo: sisemi ni uongo yote. Unga wa whey unatokana na maji yanayobaki wakitengeneza jibini, ni chakula cha kweli. Ni suala la hesabu. Kopo kubwa la kilo 2.27 linatoa vijiko 70 hivi. Kijiko ni mayai manne, kwa hiyo kopo ni mayai 280, trei tisa na kitu. Ukiona bei ya kopo iko chini ya trei tisa, nunua. Ikiwa juu, nenda kwa muuza mayai. Lakini kuna jambo la pili: unajuaje kilichomo? Maabara moja ya Ujerumani ilipima virutubisho 634 vilivyonunuliwa nchi 13, matokeo yakatoka mwaka 2004: 94 vilikuwa na homoni ambazo hazikuandikwa popote kwenye lebo. Hizo ni nchi zenye wakaguzi. Hilo kopo lisilo na muhuri, linalouzwa kwenye begi na jamaa anayekuambia "hii ni ya wazito tu", kimbia nalo mbali. Sindano ndiyo kabisa. Korodani zinasinyaa, ini linaumia, na hakuna wa kumshitaki.

Kwa wanaofunga Ramadhani: wengi wanapiga vyuma baada ya futari au baada ya tarawehe, na ni sawa. Futuru kwa tende, maji na uji, fanya mazoezi, kisha kula mlo wenye samaki au maharage, na daku usiruke. Kunyanyua vizito saa kumi jioni ukiwa na kiu ya kutwa nzima, hapana.

Mambo mawili ya hospitali nisiyasahau. Mwenye matatizo ya figo asiongeze protini kabla ya kuongea na daktari. Na ukifanya mazoezi makali ya ghafla, kesho yake misuli imevimba, inauma kupita kawaida na mkojo umekuwa kama chai ya rangi, usisubiri ukae sawa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Msuli uliovunjika sana unaweza kuziba figo.

Yule dogo bado anakuja. Kopo lilipokwisha hakununua jingine, sasa anabeba kontena la makande anakula pale pale kwenye benchi, wenzake wanamcheka huku wanaomba. Skwati ameongeza kopo moja la zege kila upande. Simu bado hana.

Sasa wadau wa Kigoma na Mwanza naombeni msaada: dagaa wenu mnawapikaje wakawa laini bila kuwazamisha kwenye mafuta? Huku kwetu kila mtu anawakaanga mpaka wanakuwa misumari.