Barafu kavu: kusafisha mashine kwa gesi ileile ya mazuku

Wakaaji wa Goma na Sake wanajua mazuku: gesi inayotoka ardhini, inatulia kwenye sehemu za chini na kuua watu na mifugo bila kuonekana. Sehemu kubwa ya gesi hiyo ni CO2. CO2 hiyohiyo ikigandishwa inakuwa barafu kavu, ambayo viwanda vinatumia kusafisha mashine.

Hewa ya kompresa inarusha punje ndogo kama mchele, zenye baridi ya digrii 78 chini ya sifuri. Zinabandua mafuta na rangi, kisha zinageuka gesi bila kuacha maji.

Hatari kubwa iko hapo. Kilo moja inatoa zaidi ya lita 500 za gesi, nzito mara 1,5 kuliko hewa. Ndani ya tangi au shimo, inajaa kuanzia chini.

Kwa hiyo kazi inahitaji feni ya kutoa hewa karibu na sakafu, na kipimo cha CO2. Kwa saa 8 za kazi, kiwango kisipite asilimia 0,5. Anayesikia kizunguzungu, kichwa kuuma au pumzi kwenda mbio atoke mara moja. Akianguka, mwenzake asiingie bila kifaa cha kupumulia, asije akaanguka naye.

Glavu za baridi, miwani na vizibo vya masikio ni lazima. Mashine iunganishwe na waya wa ardhini. Bomba lisielekezwe kwa mtu. Barafu isifungiwe kabisa ndani ya chombo: kitapasuka.