MAHARAGWE YA MILIMANI: SHAMBA LATOA, GUNIA LAPOKONYA

Mfanyakazi wa bandarini au wa kiwandani aketipo mchana mbele ya sahani ya ugali na maharagwe, ni mara chache ajiulizapo chakula kile kimetoka wapi. Aghalabu kimetoka milimani. Tanzania ni mojawapo ya nchi zinazoongoza katika Afrika kwa kulima maharagwe, na mengi ya hayo hutoka katika nyanda za juu zenye ubaridi: Mbeya na Njombe, Kagera na Kigoma, miteremko ya Kilimanjaro na Meru, na milima ya Usambara katika Mkoa wa Tanga. Leo twapenda kunena juu ya Usambara, kwa kuwa hali ya huko yaonyesha wazi jambo ambalo ni rahisi kulisahau. Mkulima wa maharagwe hapati hasara shambani peke yake. Hasara nyingine kubwa humngoja nyumbani, baada ya kuvuna.

Mji wa Lushoto uko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na vilele vya milima inayouzunguka hupita mita 2,000. Ubaridi huo ndio maharagwe yaupendao. Hustawi vyema penye joto la nyuzi 15 hadi 25. Likizidi sana, maua hupukutika kabla ya kufunga. Wala si ajabu, maana mmea huu asili yake ni Amerika, na aina za punje kubwa zipendwazo kwetu chimbuko lake ni milima ya Andes. Wareno wahesabiwa kuwa ndio walioileta mbegu Afrika Mashariki. Leo Msambaa huyaona maharagwe kuwa mali ya babu yake, na makande ndiyo chakula chake cha kila siku.

Faida ya zao hili si ya tumbo peke yake. Katika mizizi ya maharagwe, kama ya mimea mingi ya jamii ya kunde, mna vifundo vidogo, na ndani yake vimelea vinavyoichukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mkulima akitaka kujua kama vifundo hivyo vyafanya kazi, na akipasue kimoja: kikiwa chekundu ndani, kazi yaendelea. Lakini maharagwe peke yake hayawezi kuuzuia udongo usiporomoke. Jambo hilo Usambara walijua. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi katika bonde la Mlalo, kisha ikaueneza, ikiwalazimisha watu kupiga matuta miteremkoni. Wananchi waliukataa, na mwaka 1957 mpango ule ukaachwa. Udongo ulihitaji kulindwa kweli. Lakini kazi ya shuruti haikuota mizizi. Leo mkulima apandaye mabingobingo kwa kukinga mteremko hufanya hivyo kwa hiari yake, na ng'ombe wake wapata majani.

Katika mashamba madogo hekta moja mara nyingi haitoi hata tani moja ya maharagwe, hali mbegu bora na palizi ya wakati vyaweza kutoa tani moja na nusu na kupita. Mbegu hizo zipo. Vituo vyetu vya utafiti vimetoa aina kama Lyamungu 85, Lyamungu 90 na Selian 97, na Chuo Kikuu cha Sokoine kimetoa SUA 90. Tena ua la maharagwe hujichavusha lenyewe, hivyo mbegu njema haibadiliki upesi kama mahindi chotara. Mkulima aweza kuitunza miaka kadhaa, mradi aichague shambani katika mashina yasiyo na ugonjwa, wala asiokote tu yaliyobaki guniani.

Sasa tufike kwenye kiini. Maharagwe huiva kwa miezi miwili na nusu au mitatu, na jirani wote huvuna pamoja. Siku hizo bei huanguka. Mama, ambaye aghalabu ndiye aliyepanda na kupalilia, ana deni la duka, na watoto wataka sare na madaftari. Juu ya hayo, ajua kwamba akiyaweka, fukusi watayala. Basi huuza. Miezi michache baadaye bei hupanda, naye hununua kibaba kwa kibaba chakula kile kile alichokiuza kwa gunia. Twathubutu kusema kwamba fukusi humfanyia mchuuzi kazi bila mshahara.

Adui huyu yafaa ajulikane. Fukusi wa nchi za baridi haingojei ghala. Hutaga mayai yake hata shambani, katika maganda yaliyokauka. Kwa hiyo anayechelewa kuvuna humchukua adui nyumbani kwa mkono wake mwenyewe. Funza mchanga hutoboa punje na kukaa ndani, na anapotoka huacha tundu la mviringo. Dawa zake si za matajiri peke yao. Maharagwe yakikauka sawasawa na kutiwa katika mfuko usiopitisha hewa, au katika pipa lililojaa na kufungwa barabara, wadudu huimaliza hewa iliyomo na kufa. Asiye na mfuko wa namna hiyo, na alipindue gunia lake asubuhi na jioni. Funza huhitaji saa nyingi za utulivu ili kutoboa punje, na punje zikisogezwa kila mara, wengi hufa kabla ya kuingia. Kazi hii hata mtoto aiweza.

Tena kuna jambo la lumbesa. Tuchukue mfano. Gunia likilipiwa kwa hesabu ya kilo 100, nalo limeshindiliwa hadi 120, basi katika kila magunia matano mkulima ametoa gunia zima bure. Hatusemi kwamba kila mchuuzi ni mdhalimu; wako wanaopita njia mbovu za milimani kwa shida kubwa, na bila wao mzigo haufiki mjini. Lakini mkulima mmoja aliyesimama kando ya barabara na magunia mawili hana sauti. Wakulima thelathini wenye ghala moja na mizani moja wanayo. Wao waweza kungoja, kupima, na kuuza pamoja, na aliye na haja ya haraka aweza kukopeshwa kidogo na wenzake badala ya kuyatupa mavuno yake.

Jambo hili lamhusu pia mfanyakazi wa mjini. Maharagwe ni nyama ya asiye na nyama: robo moja hivi ya uzito wa punje kavu ni protini. Yakiliwa na fukusi milimani, au yakitupwa kwa bei ya hasara hata mkulima akakata tamaa ya kulima, sahani itakayopungua ni ya mjini vilevile. Akiba haiozi, walisema wazee. Akiba ya maharagwe itaoza kama haina mlinzi, na ulinzi wake waanza siku ile ile ya kuvuna.