Meza Iliyotuunganisha Ziwani

Hapa Kitisuru ninakoishi, si ajabu kumsikia mtu akijisifia karamu za melini katika Bahari ya Mediterania: staftahi juu ya sitaha, chajio kwa muziki. Simwonei kijicho. Ninalouliza ni hili: mbona tumeisahau meza yetu wenyewe?

Tangu mwaka 1961, MV Victoria, meli iliyoundwa Glasgow na kuunganishwa Kisumu, ililizunguka Ziwa Victoria ikipitia Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell. Mkenya, Mtanzania na Mganda walilala katika chombo kimoja, wakaamka na kula samaki wa ziwa moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli ilibaki Tanzania, Kisumu ikabaki na gati.

Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa 1999. Meli nayo ilikarabatiwa, ikarejea kazini mwaka 2020 kati ya Mwanza na Bukoba.

Mikataba hutiwa sahihi na wakubwa, lakini ujirani hujengwa na wasafiri wanaopokezana chumvi mezani. Serikali zetu tatu na ziturudishie safari ile, tena meli isijazwe kupita kiasi, kwani maafa ya MV Bukoba ya mwaka 1996 hayasahauliki.