Kutoka Landless Hadi Visiwani: Hesabu ya Safari ya Mashua ya Siku Moja

Desemba ikikaribia, vyama vya akiba vya Landless, Makongeni na Kiganjo mjini Thika huanza kujadili safari ya pamoja. Mtu mmoja atasema Naivasha, mwingine Mombasa, na siku hizi hakosekani wa kusema, "Twendeni tukazunguke visiwa kwa mashua." Picha za maji ya buluu na pomboo wakiruka zimeshazunguka katika kila simu, na bei iliyoandikwa chini ya picha huonekana nafuu. Tatizo ni kwamba bei hiyo huanza kuhesabiwa pwani, na wewe safari yako inaanza steji ya Garissa Road.

Makala haya yanalinganisha safari za visiwani ambazo mkazi wa Thika anaweza kuzifikia, na yanaonyesha pesa zinakoenda hasa. Kanuni moja ndiyo itakayokuongoza: gharama ya mashua hugawika, gharama ya tiketi haigawiki. Anayeielewa kanuni hii hawezi kudanganywa na bei ya tangazo.

Hesabu ya kwanza: kufika majini

Tuanze na treni, kwa sababu ndiyo njia ambayo nauli yake inajulikana na haibadiliki kwa sikukuu. Tangu Januari 2024, Madaraka Express hutoza shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza, kwenda peke yake. Watoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Kwa hiyo mtu mzima mmoja hutumia 3,000 kwenda na kurudi, na familia ya wazazi wawili na watoto wawili wa shule ya msingi hutumia 9,000. Ongeza matatu ya Thika hadi Nairobi, na usafiri wa kutoka mjini hadi kituo cha Syokimau. Ukifika Miritini, kituo cha Mombasa, bado hujafika baharini. Una nauli nyingine ya kuelekea kusini au kaskazini mwa Mombasa.

Sasa linganisha na mashua. Tuchukue mfano wa hesabu tu: nahodha akitaka shilingi 12,000 kwa siku, watu wanne watalipa 3,000 kila mmoja, na watu kumi watalipa 1,200. Katika kundi la watu kumi, tiketi za treni ni zaidi ya mara mbili ya gharama ya mashua. Ndiyo maana anayebishana na nahodha kwa nusu saa ili apunguziwe mia tano, kisha akapanda teksi peke yake kutoka kituoni, amebana pale pasipo na pesa nyingi.

Kundi la watu 12 lina chaguo lingine. Tiketi zao za treni, kwenda na kurudi, ni 36,000. Ukipata matatu ya viti 14 ya kukodi ambayo gari, mafuta, dereva na malazi yake kwa jumla hayazidi kiasi hicho pamoja na nauli za huku na huku, gari litakufaa zaidi, kwa kuwa litakupeleka hadi ufuoni. Dereva wa gari la namna hiyo anaweza pia kupita barabara ya Dongo Kundu, inayounganisha upande wa Miritini na Kwale, akaepuka foleni ya Likoni. Sharti ni moja: msisafiri usiku kucha katika barabara ya Mombasa na dereva aliyeshinda kazini mchana. Akiba ya namna hiyo haina maana.

Wasini na Kisite: chaguo kamili zaidi

Ukitaka visiwa kadhaa kwa siku moja, Shimoni katika kaunti ya Kwale ndiko kuna thamani kubwa zaidi kwa shilingi yako. Mashua huondoka asubuhi, huelekea Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, hupita Mpunguti ya Juu na Mpunguti ya Chini, kisha hutia nanga karibu na Kisite ili watu waogelee juu ya matumbawe. Pomboo huonekana mara nyingi katika mkondo huo, ingawa hakuna nahodha mkweli atakayekuahidi. Mchana watu hula Wasini, kijiji cha kale kisicho na magari, na hutembea juu ya daraja la mbao linalosimamiwa na akina mama wa kijiji, katikati ya miamba ya matumbawe na mikoko. Kabla ya kuondoka Shimoni unaweza kuingia katika pango ambalo historia yake inahusishwa na biashara ya watumwa.

Kuna njia tatu za kuifanya safari hii, na tofauti ya bei yake ni kubwa.

Ya kwanza ni kununua safari kamili kutoka hoteli au kampuni ya Diani. Utachukuliwa mlangoni, utapewa miwani na bomba la kupumulia, utalishwa, utarudishwa. Bei nyingi hutajwa kwa dola au yuro na hulengwa kwa mgeni wa ng'ambo. Omba bei ya mwananchi waziwazi. Kampuni nyingi huwa nayo ila haziiweki mbele. Njia hii inawafaa watu wawili wasio na kundi, kwa sababu watachanganywa na wengine na kulipa kwa kichwa.

Ya pili ni kufika Shimoni wenyewe na kukodi mashua kwa wenyeji. Matatu za Ukunda hufika huko, na anayekuja kwa gari huacha barabara ya Lunga Lunga penye njia panda ya Kanana. Hapa unalipia mashua nzima, ada ya hifadhi kando, na chakula kando. Kundi la watu wanane hadi kumi likija hivi hulipa kidogo kuliko lingelipa hotelini, na pesa nyingi zaidi hubaki kwa wavuvi na wapishi wa Wasini. Kwa chama cha Landless, hii ndiyo njia.

Ya tatu ni kuvuka tu kwenda Wasini kwa mashua ya abiria wanayotumia wanakijiji, ukatembea kisiwani, ukala samaki na kurudi. Hutaona matumbawe ya Kisite, lakini utakuwa umefika kisiwani kwa gharama ndogo kabisa. Ni chaguo zuri kwa wazee wasioogelea na kwa wanafunzi.

Watamu na Mida: siku fupi, bahari tulivu

Hifadhi za bahari za Watamu na Malindi zilianzishwa mwaka 1968, na ndizo za kwanza za aina hiyo nchini Kenya. Safari ya kawaida hapa hupitia bustani ya matumbawe, mafungu ya mchanga yanayojitokeza maji yakipwa, kisha huingia hori la Mida lenye mikoko, na mara nyingi chakula huliwa kisiwa cha Sudi. Maji ya horini ni matulivu, kwa hiyo wenye watoto wadogo au wanaoogopa mawimbi watastarehe zaidi kuliko Kisite.

Kwa gharama, Watamu ina faida mbili. Mabasi ya Malindi hukushusha Gede, na kutoka hapo ni tuktuk tu. Pia nyumba za kukodi za vyumba vitatu au vinne ni nyingi, na nyumba, kama mashua, hugawika. Kasoro yake ni kwamba visiwa ni vichache. Sehemu kubwa ya siku ni mchanga, hori na matumbawe.

Lamu: usiende kwa siku moja

Hakuna mahali Kenya ambapo kusafiri kwa jahazi la tanga kuna ladha ya Lamu. Utapelekwa Manda Toto kuogelea, nahodha atachoma samaki ufuoni, na maji yakijaa mtapita mkondo wa mikoko hadi magofu ya Takwa. Lakini kutoka Thika, ni ndege hadi Manda au basi la safari ndefu kupitia Garsen hadi Mokowe, kisha mashua. Gharama ya kufika ni kubwa mno kwa siku moja ya baharini. Lamu ipangie siku nne au zaidi, uone na mji wa kale uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2001. Kama muda huo huna, iache kwa sasa.

Bila bahari: Naivasha na Ziwa Victoria

Asiyeweza kulipia malazi asidhani hana chaguo. Naivasha unaweza kwenda alfajiri na kurudi Landless jioni. Mashua hutozwa kwa saa na kwa mashua nzima, kwa hiyo kanuni yetu inafanya kazi hata huku. Itakushusha Crescent Island, ambako watu hutembea kwa miguu kati ya twiga, punda milia na kuro. Uliza mapema: kiingilio cha kisiwa hulipwa mbali na mashua, na wengi hushtuka wakifika. Wakumbushe vijana kwamba ziwa hilo lina viboko, hakuna kuogelea.

Ziwa Victoria ni mbali kuliko Naivasha, lakini Mbita huwapa wasafiri kisiwa cha Rusinga, kinachofikika kwa daraja na alikozikwa Tom Mboya, na mashua za abiria hadi Mfangano, kwenye michoro ya kale ya miambani. Mwenye jamaa wa kumlaza Homa Bay atapata safari ya visiwani ya bei ndogo kuliko zote hizi. Naye asiogelee ovyo, kwa ajili ya kichocho.

Majira hubadilisha thamani

Bei moja inaweza kununua siku mbili tofauti kabisa. Wakati wa kusi, takriban Aprili hadi Septemba, upepo hutoka kusini, bahari huchafuka na matumbawe hayaonekani vizuri. Likizo ya Agosti huangukia hapo. Unalipa bei ya msimu na unapata maji ya kijivu. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, maji huwa safi. Kati ya pepo hizi mbili kuna maleleji, bahari ikiwa shwari. Thamani bora iko katika Februari na mapema Machi, kabla ya mvua na Pasaka. Kwa wenye watoto wa shule, ni wiki za Novemba baada ya kufunga, kabla umati wa Krismasi haujafika.

Muulize nahodha pia kuhusu maji. Siku za bamvua, maji hupwa na kujaa kwa nguvu, na ratiba yote ya mafungu ya mchanga, mikoko na Takwa huyafuata. Nahodha asiyejua maji yatapwa saa ngapi siku yako, usimlipe.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutuma M-Pesa

1. Bei hii ni ya mtu mmoja au ya mashua nzima, na mashua inabeba watu wangapi kwa mujibu wa cheti chake? Vyombo vidogo hukaguliwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya.
2. Ada ya hifadhi imo? Ada za Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS) hulipwa kupitia eCitizen. Angalia kiwango cha siku hiyo wewe mwenyewe, na ubebe kitambulisho upate bei ya mwananchi.
3. Chakula, maji ya kunywa, miwani na mapezi vimo?
4. Kuna jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtu, na ya watoto kwa saizi yao?
5. Bahari ikichafuka asubuhi, pesa zinarudi au tarehe inasogezwa?
6. Malipo ya awali ni kiasi gani, na yanaingia kwenye namba ya biashara au ya mtu binafsi? Kampuni za utalii husajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Omba namba ya leseni.

Dalali wa ufuoni atakayekupa bei ya chini mno kwa kawaida ameacha kitu nje: ada, chakula, au jaketi. Viwili vya kwanza vitakuudhi. Cha tatu kinaweza kukuua. Ukikuta majaketi hayatoshi, shuka hata kama umeshalipa.

Uamuzi

Chama au familia kubwa ya watu wanane hadi kumi na wawili: Shimoni, mashua ya kukodi kwa wenyeji, usiku mmoja au miwili pwani, mwezi Februari au Novemba. Wenye watoto wadogo: Watamu, katika nyumba ya kukodi. Watu wawili peke yao: safari kamili ya kulipia kwa kichwa kutoka Diani, kwa bei ya mwananchi. Mwenye siku moja na mfuko mwembamba: Naivasha, akiwa na wenzake wa kujaza mashua. Lamu ni ya mwenye siku nne au zaidi.

Na kabla ya yote, kusanyeni watu kwanza, bei mtaitafuta baadaye. Mkiwa kumi, na mkakata tiketi za treni mapema kabla nafasi hazijaisha, hakuna punguzo la tangazo lolote litakalowashinda.